Ushahidi wa Phulmoni

Usiku mmoja wa mwaka 1890, mjini Calcutta, mama mmoja alizinduliwa usingizini na kilio cha bintiye. Alipoingia chumbani alimkuta mtoto amelala kwenye damu. Phulmoni Dasi alikuwa na miaka 10 au 11. Mumewe, Hari Mohan Maiti, alikuwa mtu mzima aliyevuka miaka 30. Haukupita muda, Phulmoni akafa. Madaktari walioupasua mwili wake walieleza chanzo waziwazi: alivuja damu kwa majeraha aliyoyapata alipoingiliwa na mumewe.

Mji huo ulikuwa umeonywa mapema. Mwaka 1871, Keshub Chandra Sen, kiongozi wa jumuiya ya kidini ya Brahmo Samaj, aliwaandikia madaktari mashuhuri wa Calcutta akiwauliza msichana aolewe akiwa na umri gani. Wengi walitaja miaka 14 au zaidi. Mahendralal Sircar, daktari Mbengali aliyeheshimika sana, alitaka 16. Waliowaoza watoto walizoea kusema kwamba joto la India huwakomaza wasichana mapema. Madaktari walijibu kwamba kuvunja ungo ni mwanzo tu wa kukua. Mifupa ya nyonga bado haijawa tayari kubeba mimba, sembuse kuzaa.

Majibu hayo yalizaa sheria ya mwaka 1872 iliyoweka miaka 14 kwa bibi harusi. Lakini iliwahusu tu waliokuwa radhi kutamka kwamba hawafuati Uhindu wala dini nyingine kubwa. Kisha, mwaka 1878, Sen mwenyewe akamwoza binti yake Suniti kwa mtawala kijana wa Cooch Behar kabla hajatimiza hiyo miaka 14. Wafuasi wengi walimwacha wakaanzisha jumuiya yao. Mtu aliyekusanya ushahidi kwa mikono yake ndiye aliyeuweka kando ulipobisha hodi nyumbani kwake.

Kwa Wahindu wengine sheria ilibaki ileile, kwa hiyo Hari Mohan alipofikishwa mahakamani, hakuweza kushtakiwa kwa ubakaji. Kanuni ya adhabu ya mwaka 1860 ilimlinda mke hadi miaka 10 tu. Alihukumiwa kwa kosa la kujeruhi, akafungwa mwaka mmoja na kazi ngumu.

Ndipo Behramji Malabari, mwandishi wa habari wa Bombay aliyekuwa akipigia kelele ndoa za watoto tangu mwaka 1884, akapata wasikilizaji. Madaktari wanawake zaidi ya 40 waliiandikia serikali ya kikoloni na kuambatanisha orodha ya waliowatibu. Mmojawapo alikuwa msichana wa miaka 9, aliyeletwa siku iliyofuata harusi, mfupa wa paja umeteguka na nyonga imepondeka. Orodha haikuwa na hoja yoyote ndani yake. Ilikuwa na umri na majeraha, mstari baada ya mstari.

Muswada wa kupandisha umri huo wa ulinzi kutoka miaka 10 hadi 12 uliwasilishwa Januari 1891, na maelfu walikusanyika Calcutta kuupinga. Walisema ibada ya garbhadhana, ya mume kumwingilia mkewe mara ya kwanza, haina budi kufanyika mara msichana anapovunja ungo, na kuichelewesha ni dhambi. Huko Poona, mhariri wa gazeti Bal Gangadhar Tilak aliandika kwamba watawala wa kigeni hawana haki ya kugusa dini ya watu. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani serikali ile ilikuwa imegusa mengi yasiyoihusu. Lakini Mhindu mwenzao R. G. Bhandarkar, bingwa wa Kisanskriti, alivifungua vitabu vitakatifu vyenyewe akaonyesha kwamba haviwalazimishi kuifanya ibada hiyo kwa haraka namna ile. Kumbe waumini nao hawakuwa na kauli moja. Waliotaka kumlinda mtoto walikuwamo ndani ya dini.

Sheria ilipitishwa Machi 19, 1891, lakini walioshtakiwa kwayo walikuwa wachache mno, kwa sababu yaliyotendeka vyumbani yalibaki vyumbani. Ilipofika mwaka 1929 ndipo umri wa chini wa kuolewa ulipowekwa miaka 14 kwa wasichana wa dini zote. Ilikuwa miaka 58 tangu madaktari wa Calcutta walipoutaja umri huohuo kuwa ndio wa chini kabisa. Phulmoni angesubiri hadi umri huo, angekaa kwa mama yake miaka mingine mitatu au minne.