Kabari, Kamba na Gundi: Namna Maseremala Walivyobana Mbao Tangu Kale

Wanafunzi wetu hujifunza mapema majina ya zana za seremala: msumeno, randa, patasi, nyundo, tupa. Lakini ukiwauliza seremala hufanya nini anapotaka mbao nne nyembamba ziwe ubao mmoja mpana, watajibu kwa neno moja tu: gundi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Gundi huunga vizuri pale tu kingo za mbao zinapokutana sawasawa na kubanwa pamoja mpaka ikauke. Katika makala haya tutaeleza kwa ufupi historia ya kubana huko, kwani ina mafunzo kwa mwalimu wa lugha kama ilivyo nayo kwa fundi.

Kilichotusukuma kuandika ni tukio dogo. Shule moja ya hapa Uganda tuliyopata kufundisha iliagiza ubao wa kuandikia uliotengenezwa kwa mbao za mvule. Fundi alipaka gundi, akazikutanisha mbao kwa mikono, akauegemeza ubao ukutani. Alisema kuwa karakana haikuwa na vibanio vya chuma virefu vya kutosha. Kabla ya muhula kwisha, maungio yaliachana, na kwa wiki kadhaa tukafundisha sarufi kwa kuandika kwenye nusu ya ubao. Ndipo alipoitwa mzee mmoja seremala. Hakudai kifaa chochote cha kununua. Aliomba vipande viwili vya mbao, misumari michache, kabari alizochonga mwenyewe kutokana na masalio, na mawe mawili mazito. Ubao wake haukuachana tena.

Maarifa ya mzee huyo yana nasaba ndefu. Huko Saqqara, Misri, katika piramidi ya ngazi ya Mfalme Djoser, palionekana mabaki ya jeneza la Nasaba ya 3 lililotengenezwa kwa tabaka sita za mbao nyembamba. Tabaka hizo zilishikizwa kwa vijiti vidogo vya mti. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, yapata mwaka 1450 K.K., katika kaburi la Waziri Rekhmire huko Thebes, walichorwa maseremala kazini, na miongoni mwa vyombo vyao kimo chungu cha gundi juu ya moto. Gundi ya namna hiyo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hupakwa ikiwa moto. Ikipoa huanza kuganda, kwa hiyo fundi hana muda wa kutafuta kamba wala jiwe baada ya kupaka. Sharti aandae kila kitu kwanza, azipange mbao zikiwa kavu na kuhakikisha zinakutana, ndipo aguse gundi.

Katika karne ya 12 huko Ulaya, mwandishi aitwaye Theophilus alieleza namna ya kuunga mbao za altare na milango kwa gundi ya jibini iliyochanganywa na chokaa. Kabla ya kutaja gundi, alisisitiza kwamba kingo zilinganishwe kwa uangalifu kwa zana inayotumiwa na watengenezaji wa mapipa. Fundisho hilo halijachakaa. Mwanya ulioachwa na randa hauzibwi kwa nguvu ya kubana.

Jiliwa la parafujo lilichelewa kuingia katika karakana. Hati ya Martin Löffelholz ya mwaka 1505, kutoka Nuremberg, inaonyesha meza ya seremala yenye jiliwa la namna hiyo. Kuanzia mwaka 1769 Mfaransa André Jacob Roubo alichapa kitabu kikubwa juu ya useremala, na humo kimo kibanio cha fimbo ndefu ya chuma chenye kulabu mbili: moja imekazwa, nyingine huteleza. Mafundi wa Kifaransa walikiita 'sergent', neno ambalo pia ni jina la cheo cha askari.

Pale ambapo chuma kilikuwa ghali, mafundi walibaki na njia zao. Ya kwanza ni kabari. Vipande viwili vya mbao hupigiliwa sambamba juu ya ubao wa chini, mbao zilizopakwa gundi hulazwa katikati, na nafasi iliyobaki huzibwa kwa kabari mbili zinazopishana. Tuchukue kabari yenye urefu wa sentimita 16 na unene unaopanda kutoka ncha hadi sentimita 2. Ikisogea sentimita 8, husukuma mbao sentimita 1 tu, na kwa hiyo pigo dogo la nyundo huzaa msukumo mkubwa. Ya pili ni kamba inayozungushwa mara mbili, kisha kijiti hupitishwa kati yake na kusokotwa mpaka ikaze. Ya tatu ni uzito wa mawe au mifuko ya mchanga, unaozuia mbao zisipinde juu kabari zinapokaza. Ya nne, inayopendwa na watengenezaji wa vinanda na magitaa, ni fito zinazonesa: fito hupindwa kidogo kati ya dari na kazi, nayo katika kutaka kunyooka hukandamiza.

Hata hivyo, nguvu nayo ina kipimo. Akikaza kupita kiasi, fundi huikamua gundi yote ikatoka, na maungio yakabaki na njaa. Aidha, huweka karatasi chini ya maungio ili kazi isigandamane na ubao wa chini.

Wasemaji wa Kiswahili wasidhani kuwa hekima hii ni ya kigeni. Mtepe wa pwani ulishonwa kwa kamba za makumbi, pasipo misumari. Kamba zilivutwa zikakaza, kisha vijiti vikapigiliwa katika matundu ili zisilegee. Hapakuwa na gundi pale, lakini kanuni ilikuwa ile ile: ubao hushikana na mwenziwe kwa kubanwa.

Yule fundi wa kwanza hakuwa mvivu wala mjinga. Alifundishwa kwamba kubana ni kifaa, na kifaa kilipokosekana, kazi ikakosa kukamilika. Yule mzee alijua kwamba kubana ni tendo. Sisi walimu wa lugha tuna sehemu yetu katika kosa hilo, kwani huwapa wanafunzi majina ya vitu na kuwanyima vitenzi vyake: kubana, kukaza, kusokota, kupigilia, kulegeza. Tunawashauri wenzetu wawapeleke wanafunzi karakanani mara moja kila muhula, waandike vitenzi wanavyovisikia kwa mafundi, na wakirudi darasani watunge navyo sentensi.