Kungojea Safari Mombasa: Kutoka Daka la Mwenyeji Hadi Launji ya Ndege

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, chombo chake kilizungukwa na mashua za vijana. Kila kijana alibeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alishukia nyumba hiyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Biashara ya kumpunja mgeni, au iliyofanywa bila mwenyeji kuwapo, ilihesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe alikuwa mwanachuoni wa sheria, kwa hiyo alipokelewa na kadhi. Aliandaliwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, malimau ya kutiwa chumvi, tangawizi mbichi na maembe.

Kutoka huko alishuka hadi Mombasa, akalala usiku mmoja kabla ya kuendelea Kilwa. Alichokiangalia kwa makini Mombasa ni mpango wa maji. Kwenye mlango wa msikiti palikuwa na kisima, maji yakichotwa kwa chombo cha mti chenye mpini. Mwenye kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaipangusa kwenye mkeka mgumu uliowekwa mlangoni. Abiria aliyetoka baharini na chumvi mwilini alijua pa kuanzia.

Usiku mmoja ulikuwa bahati. Wengi walikaa miezi, maana ratiba ya Bahari ya Hindi iliwekwa na upepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Ghuba na Gujarat kuanzia Desemba hivi. Ikija tanga mbili, upepo ukayumba. Kusi iliposhika mwezi wa Aprili, manahodha waliharakisha kurudi kabla bahari haijachafuka mno. Aliyechelewa kupakia shehena alingoja hadi Agosti au Septemba.

Anayengoja muda huo wote huhitaji mdhamini kuliko anavyohitaji kitanda. Nyumba za mawe za mwambao zilijengwa kwa kulielewa hilo. Nje palikuwa na daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni alisemeshwa na kupimwa. Aliyeaminika aliingizwa ndani na kupewa sabule, chumba cha wageni kilichotengwa na upande wa familia ili yeye apumzike na wenye nyumba wasivunjiwe sitara. Huduma hiyo haikuuzwa kwa tiketi. Ililipwa kwa biashara ya msimu huo na ya misimu iliyofuata, na jina la mwenyeji lilisafiri na mgeni hadi Muscat au Bombay.

Desturi hiyo ilikuwa bado hai wakati wa majahazi ya mwisho. Mwaka 1939 baharia Alan Villiers wa Australia alipita Lamu, Mombasa na Unguja katika bumu la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, kisha wakaelekea Rufiji kupakia boriti. Bandari ya kale ya Mombasa, chini ya Mji wa Kale, ilijaa vyombo vya namna hiyo kila kaskazi. Mabaharia walilala chomboni, juu ya shehena yao. Nahodha alipanda mjini kwenye nyumba za mawakala na wafanyabiashara, akanywa kahawa na kuulizia bei.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Kisumu mwaka 1901, na msafiri akawa na tarehe ya kuondoka aliyoijua kabla. Tiketi yake sasa ilikuwa na daraja, na daraja lilifuata rangi ya ngozi. Mombasa Club ilifunguliwa mwaka 1897 jirani na Fort Jesus, ikawa mahali pa Wazungu kungojea meli na treni. Theodore Roosevelt alipotua kwa meli Admiral tarehe 21 Aprili 1909, huko ndiko alikokaribishwa chakula cha jioni, kisha akapanda treni maalumu na kukaa kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini.

Hata safari fupi ya mjini ilikuwa na daraja lake. Maofisa na matajiri walipita Mombasa kwa toroli, kiti chenye kivuli juu ya reli nyembamba, kilichosukumwa kwa mbio na wanaume wa Kiafrika. Vyuma vyenyewe vilikuwa masalio ya reli ndogo ambayo kampuni ya Imperial British East Africa iliijaribu mwaka 1890 na kuiacha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, abiria wengi wa Mombasa walipitia bandari ya Kilindini. Shirika la British India lilileta meli ya Kampala mwaka 1947 na ya Karanja mwaka 1948, zikihudumu kati ya Bombay na kusini mwa Afrika kwa kupitia Mombasa. Wa daraja la kwanza walikuwa na vyumba na kumbi za kukaa. Wa deki walitandika matandiko yao na kukaa na vikapu vyao. Katika miji ya bandari, jumuiya za Kihindi ziliendesha nyumba za wageni za kwao, musafirkhana kwa Waislamu na dharamshala kwa Wahindu, ili asiyejiweza asilale gatini. Huyo ndiye mwenyeji wa zamani akirudi kwa sura ya jumuiya, na anastahili nafasi kubwa zaidi katika historia ya mji huu kuliko aliyopewa hadi leo.

Waliosindikiza meli hizo walikuwa na ukumbi wao pia, usio na paa wala daraja. Kila meli inayoingia Kilindini hupita karibu na Ras Serani, penye mnara wa taa na mibuyu mizee. Barabara ya pale, iliyoitwa Azania Drive wakati wa ukoloni, baada ya uhuru ilipewa jina la Mama Ngina Kenyatta. Jioni familia huegesha magari, zikanunua mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, madafu na kachiri, na kutazama meli zikipita karibu kiasi cha kusomeka jina. Ufuo huo ulijengwa upya, na tarehe 20 Oktoba 2019 sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyika hapo. Ni eneo la umma, na lazima libaki hivyo.

Meli za abiria zilishindwa na ndege. Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, iliunganisha Nairobi na miji ya pwani. Mwaka 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilianza kupita Mombasa zikitoka Southampton kwenda Durban. Zilikuwa na sehemu ya abiria kusimama na kutazama nje, na kwa kuwa zilisafiri mchana, hoteli za njiani zilikuwa ndani ya nauli. Miaka miwili baadaye, mwaka 1939, American Airlines ilifungua Admirals Club katika uwanja wa LaGuardia, New York, launji ya kwanza ya shirika la ndege. Mwanzoni uanachama wake haukununuliwa: mtu alialikwa.

Uwanja wa Port Reitz, uliojengwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa vita, ulipanuliwa kuwa wa kimataifa mwaka 1979, na leo ni Uwanja wa Moi. Kungojea kwenyewe kumehamia kwingine. Anayetoka Mombasa kwenda Ulaya au Marekani kwa daraja la biashara hungoja Addis Ababa katika launji ya Cloud Nine, Istanbul kwa Turkish Airlines, au Doha, ambako Qatar Airways ilimfungulia njia kutoka Mombasa Desemba 2018. Launji ya Al Mourjan ya Doha ina ukubwa wa mita za mraba 10,000, pamoja na bafu, migahawa na sehemu za utulivu.

Kwa hiyo tiketi za bei moja zinaweza kuwa safari mbili tofauti kabisa, na mwenye saa saba za kungojea afaa kuuliza kabla ya kulipa. Je, kuna pa kuoga na pa kulala kwa kujinyoosha? Pa kuswalia ni karibu? Chakula cha moto hutolewa hata usiku wa manane? Anayepitia Nairobi ana swali la ziada. Ndege ya Mombasa hutua upande wa safari za ndani, na launji za Kenya Airways, Pride na Simba, ziko upande wa kimataifa, ng'ambo ya foleni za ukaguzi na uhamiaji. Saa mbili za kuunganisha humalizikia kwenye foleni hizo. Mwenye kutaka kuoga na kula kwa utulivu ni bora aondoke Mombasa kwa ndege ya mapema zaidi.