Muhoro: Kijiji Kinachohesabu Miaka kwa Mafuriko

Kila mafuriko yakitokea Rufiji, redioni husikika swali lilelile: watu wa Muhoro wanang'ang'ania nini bondeni? Nimefundisha historia katika shule za wilaya hii mpaka nikastaafu, na swali hilo nimelisikia kwa maofisa, kwa wageni, hata kwa wanafunzi wangu waliohamia Mbagala. Jibu lake limo kwenye udongo, nalo ni la zamani kuliko serikali zote zilizowahi kuuliza.

Mto Rufiji huanzia pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, kwenye maporomoko ya Shuguri. Ukishapokea maji ya Ruaha Mkuu hupenya korongoni, kisha hufika tambarare, na hapo hutanuka na kuhama njia upendavyo. Mwisho hugawanyika kuwa delta yenye mikoko ya hekta zipatazo 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Muhoro iko kusini, karibu na delta hiyo, kando ya kijito chenye jina hilohilo. Maji hutufikia kutoka pande mbili: ya mto mkubwa na yale yanayoshuka kutoka Umatumbi.

Maji hayo huja na tope jeusi, na tope hilo ndilo shamba letu. Mpunga hupandwa mvua za vuli zikianza, Novemba au Desemba, ili ukute nguvu kabla mto haujapanda. Mafuriko ya masika yakija taratibu, mpunga hurefuka pamoja nayo. Yakija kwa kishindo huuzamisha. Mavuno ni Juni na Julai. Maji yakishapungua, kilimo cha pili huanza, ndicho mlau. Mkulima hufuata maji yanaporudi nyuma na kupanda mahindi, kunde na maboga kwenye tope lenye unyevu, bila kungoja tone la mvua. Bibi yangu alikuwa akilikanyaga tope kwa kisigino kabla ya kutoboa shimo la mbegu. Mguu ukizama mpaka kifundoni, alisema shamba bado. Alama ya kisigino ikibaki bila kujaa maji, alitoa mahindi kwenye upindo wa khanga akaanza kazi.

Miezi ya mpunga familia nzima ilihamia shambani na kulala kwenye dungu. Dungu la bibi lilisimama juu ya nguzo ndefu kupita kimo cha mtu. Sakafu yake ilikuwa ya fito, ukutani matete, na pembeni palikuwa na bamba la udongo la kuwashia moto wa kupikia. Chini ulifungwa mtumbwi. Kutwa watoto tuliamia ndege, na usiku wanaume walipiga madebe kuwafukuza nguruwe na viboko. Maji yakipanda tulivua perege na kambale hapohapo tulipokaa. Mwaka ambao mto haukupanda ndio uliotutia hofu, maana ulikuwa mwaka wa njaa. Nilipomuuliza bibi kama haogopi mafuriko, alinijibu, "Mjukuu wangu, mimi naogopa mto ukilala."

Bonde hili halikujilisha lenyewe tu. Mpunga wake ulishuka kwa mitumbwi hadi pwani, na kutoka delta boriti za mikoko zilipakiwa majahazini kwenda Unguja, Oman na nchi za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Paa nyingi za nyumba za mawe za kale katika bandari hizo zimelala juu ya mikoko ya Afrika Mashariki, ya Rufiji ikiwamo.

Wajerumani walipofika walipaona Muhoro panafaa kwa utawala, karibu na bahari na karibu na mashamba, wakaweka ofisi yao hapa. Kuanzia mwaka 1902 Gavana Götzen aliwalazimisha watu wa kusini walime pamba katika mashamba ya pamoja, kwa malipo ya kudhalilisha. Siku ya pamba ilikuwa siku iliyoibwa kwenye mpunga. Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alianza kugawa maji ya dawa, na watu wakamiminika kwake kutoka mbali. Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa hapa Muhoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu. Inasimuliwa kwamba aliwaambia waliomnyonga kuwa dawa yake imeshafika mbali. Wanafunzi wengi nchini wanamjua kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, lakini ni wachache wanaojua kwamba alifia Muhoro.

Baada ya muongo mmoja vita vya wazungu vikaingia deltani. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikondo ya mto tangu mwishoni mwa 1914 hadi ilipopigwa na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Waingereza walipotawala, makao ya wilaya yalikuwa Utete. Ofisi ilikwisha kuondoka Muhoro, wakulima tukabaki. Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, H. Marsland, aliandika makala kuhusu mlau katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Naitaja kwa sababu inathibitisha kwamba watawala walikwisha kuandikiwa jinsi kilimo hiki kinavyofanya kazi. Hawawezi kusema hawakujua.

Hata hivyo, baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali huru iliwahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Ndiyo Operesheni Rufiji. Sitaki kuibeza: shule na zahanati zilipatikana kirahisi zaidi huko juu. Lakini udongo wa juu ni wa kichanga, unafaa mikorosho na minazi kuliko mpunga, na tope halikuhama na watu. Wakulima wakawa na makazi mawili, nyumba kijijini na dungu bondeni, wakivuka mto wenye mamba kila msimu. Operesheni ilihamisha nyumba. Shamba lilibaki pale pale.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na foleni za pantoni zikaisha. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, juu kwenye mto huuhuu, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa. Kisha Aprili 2024, mvua zilipozidi, maji yakafunika nyumba na mashamba ya Rufiji, Muhoro ikiwa miongoni mwa vijiji vilivyoumia zaidi. Tukaambiwa tena tuhamie juu.

Aliyepoteza nyumba mara mbili ana haki ya kuhama, na asaidiwe. Nyumba zijengwe juu, nakubali. Lakini tusichanganye makazi na shamba kama ilivyofanyika baada ya 1968. Sasa mto una geti bwawani, na mwenye kulifungua ni binadamu. Basi mkulima wa Muhoro aambiwe mapema, kabla hajapanda mpunga mwezi Novemba, maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani. Tangazo hilo libandikwe kwenye kila ofisi ya kijiji kuanzia Mloka hadi deltani. Bibi yangu alijua miezi ya mto bila kuambiwa na mtu. Wajukuu zake watajua tu wakiambiwa na wanaolishika geti.