Dar es Salaam: Karne ya kuwarudisha watu "makwao"

Mwishoni mwa mwaka 1983 askari na mgambo walipita mitaa ya Dar es Salaam wakidai vitambulisho vya kazi. Asiyekuwa na cha kuonyesha alipandishwa kwenye lori. Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Nguvukazi mwaka huohuo, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, na shabaha yake haikufichwa: asiye na kazi mjini aende akalime. Msako uliwakumba wachuuzi, mafundi wa kando ya barabara na vijana waliokuwa wakihangaikia kibarua. Wengi walipelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi.

Operesheni hiyo inakumbukwa kwa ukali wake, lakini haikuwa ya kwanza. Kila utawala ulioishika Dar es Salaam tangu Vita vya Kwanza vya Dunia umekabiliwa na swali moja: wanaoingia mjini bila kazi na bila pa kulala wafanyweje? Jibu la haraka lilikuwa ni kuwarudisha "makwao". Jibu hilo lilishindwa mara zote lilipojaribiwa. Kilichowanusuru wageni wa mji wasilale barazani kwa watu ni kitu ambacho hakuna serikali iliyokibuni: chumba cha kupanga katika nyumba ya Kiswahili. Leo chumba hicho kinazidi kuwa adimu, na ndiyo maana historia hii inatuhusu.

Mji wa wapita njia

Sultan Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 ujenzi ulidorora, na majumba yake yakaachwa yachakae. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huo makao makuu ya koloni lao, kisha wakajenga Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Bandari na reli vilihitaji mikono, na mikono ikaja: Wazaramo wa jirani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wayao, Wangoni na wengine wengi.

Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 waliukuta umeanza kugawanywa kwa rangi, nao wakakamilisha kazi hiyo. Uzunguni kulikuwa na bustani na nafasi. Uhindini kulikuwa na maduka. Waafrika walielekezwa Kariakoo, penye kambi ya wapagazi wa wakati wa vita, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati uwe mpaka.

Nyuma ya ramani hiyo kulikuwa na dhana iliyodumu kuliko ukoloni wenyewe. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini hata kama alizaliwa hapo. Mshahara wake ulikadiriwa kwa mwanamume mmoja asiye na familia, kwa imani kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba kijijini. Alitakiwa afanye kazi, alipwe, aondoke. Mtu aliyefikiriwa hivyo hakupangiwa nyumba, na siku kazi ilipokosekana alionekana hana sababu ya kuwapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 bei ya mkonge ilipoanguka duniani, mashamba yalipunguza vibarua, na baadhi yao wakaelekea Dar es Salaam kutafuta fedha, ikiwamo ya kulipia kodi ambayo serikali yenyewe ilikuwa ikiwadai. Maofisa waliwaita wahuni. Polisi walianza misako, na sheria zikaandikwa za kuwaondoa mjini maskini na "wasiotakiwa". Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mji ulifurika zaidi. Sensa ya 1948 ilihesabu watu 69,227, na ya 1957 ikahesabu 128,742. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo vijana waliosoma madarasa machache na waliokwisha kuamini kwamba kalamu haiendi pamoja na jembe. Serikali ilijenga nyumba za Waafrika Ilala, Magomeni na Temeke, lakini hazikutosha. Katika miaka ya 1950 misako iliendelea, na waliokamatwa walisafirishwa kurudi wilayani kwao.

Vyumba sita na ukumbi

Pamoja na umaskini wote huo, waliolala nje kabisa hawakuwa wengi kama ambavyo mtu angetarajia, na sababu ilikuwa nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ina ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna uwani wenye jiko, choo na bafu, na mbele kuna baraza. Zamani ilijengwa kwa miti na udongo na kuezekwa makuti, baadaye kwa madebe, kisha kwa bati na matofali ya saruji. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha. Wenye nyumba hawakuwa matajiri: walikuwamo makuli wa bandarini, wapishi wa Uzunguni, na wanawake waliojikusanyia mtaji kwa kuuza vitumbua na maandazi.

Nyumba hiyo ilibeba watu wa kila kiwango. Mwenye mshahara alipanga chumba peke yake. Wasio na uwezo walichanga kodi wakalala mzungu wa nne. Kijana aliyefika jana alijishikiza kwa mjomba au kwa mtu wa kijijini kwao, akilala ukumbini hadi apate kibarua. Mgeni alijua kwamba akitaja ukoo wake na kijiji chake, mtu atamsogezea mkeka. Ni mfumo huo, wenye bughudha na msongamano wake, uliogeuza mamia ya maelfu ya wageni kuwa wenyeji.

Uhuru na kupe

Mwaka 1961 wengi walitegemea kwamba misako ingezikwa pamoja na ukoloni. Kwa muda mji ulikuwa na mvuto mpya: ofisi zilihitaji makarani Waafrika, viwanda vilifunguliwa, na hakuna aliyeweza kumwambia Mtanganyika kwamba mji mkuu wa nchi yake si wake. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 na kuanza kubomoa nyumba mbovu za makuti na kujenga za kudumu. Kufikia 1967 wakazi walikuwa 272,821.

Mwaka huo lilitoka Azimio la Arusha. Lilionya kwamba mikopo ya kigeni hutumika zaidi mijini ilhali hulipwa kwa jasho la wakulima, na kwamba watu wa mjini wanaweza kugeuka wanyonyaji wa vijijini. Onyo hilo lilikuwa la haki. Lakini mzigo wake ulimwangukia mtu dhaifu kuliko wote mjini. Kijana asiye na ajira, ambaye hakuwahi kuonja hata shilingi ya mikopo hiyo, ndiye aliyeitwa kupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya wasio na kazi walipelekwa Gezaulole, kijiji cha Ujamaa kusini mwa jiji. Mwaka 1976 ikafuata operesheni ya kila mtu afanye kazi, kisha ile ya 1983.

Miaka hiyo mvuto wa jiji ulikuwa umefifia kwelikweli. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na uzalishaji duni viliacha maduka matupu. Watu walipanga foleni ya unga na sukari, mishahara haikufika katikati ya mwezi, na watumishi wa serikali walifuga ng'ombe na kulima mchicha nyuma ya nyumba zao. Hata hivyo kati ya sensa ya 1978 na ya 1988 wakazi wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 843,090 hadi 1,360,850. Zaidi ya nusu milioni waliongezeka katika muongo uleule wa malori ya Nguvukazi. Taabu ya mjini, kwa hesabu ya aliyeondoka kijijini, bado ilikuwa na nafasi zaidi kuliko taabu aliyoiacha.

Serikali iliwahi kujaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliamua kuyaboresha makazi holela badala ya kuyabomoa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese ilipata barabara, mifereji na maji, na viwanja vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Watu walijenga wenyewe, chumba baada ya chumba. Fedha za mradi zilipokoma katika miaka ya 1980, upimaji wa viwanja vya watu wa chini ulikoma nao, na vingi vya vile vilivyopimwa viliishia mikononi mwa wenye kipato kikubwa. Lakini Manzese haikuhamishwa kwa lori, na hadi leo inapokea wapangaji wapya.

Ruksa na watoto wa mitaani

Kulegezwa kwa biashara chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi kulirudisha bidhaa madukani na kuligeuza jiji kuwa soko kubwa. Vijana wa kusini waliotembeza mitumba na vyombo wakaitwa wamachinga, na jina likaenea kwa wachuuzi wote. Shughuli iliyompandisha mtu lori mwaka 1983 ikawa ajira ya maelfu.

Muongo wa 1990 ulileta kundi ambalo nyumba ya Kiswahili haikuweza kulibeba. Ukimwi uliua wazazi na kuwamaliza mashangazi na wajomba ambao wangepokea yatima. Ada na michango ya shule iliwasukuma nje wengine. Watoto walianza kuonekana sokoni na kwenye vituo vya mabasi, wakilala chini ya meza za biashara. Vituo kama Dogodogo vilianzishwa mwanzoni mwa miaka hiyo kuwapokea. Ilikuwa dalili kwamba wavu wa undugu umechanika mahali ambapo mtaa hauwezi kuushona peke yake.

Sheria ilibaki nyuma. Makosa ya uzururaji yaliyoandikwa na Waingereza yalihamia kwenye Kanuni ya Adhabu ya nchi huru, Sura ya 16, na kumwezesha askari kumkamata mtu kwa kukosa riziki inayoonekana. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Ilikuwa kauli iliyosubiriwa kwa muda mrefu: kukosa pa kulala si kosa la jinai.

Jiji linamwagika

Tarakimu za sensa mbili za mwisho zinaonyesha sura mpya. Kati ya 2002 na 2012 Dar es Salaam ilikua kwa takriban asilimia 5.6 kwa mwaka na kufikia watu 4,364,541. Kati ya 2012 na 2022 ilikua kwa asilimia 2.1 tu, chini ya kasi ya nchi nzima, na kufikia 5,383,728. Lakini Mkoa wa Pwani unaoizunguka ulipanda kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Mji umevuka mipaka ya mkoa wake.

Kariakoo nyumba za ukumbi zimeng'olewa, na maghorofa ya maduka na maghala yamesimama mahali pake. Mwaka 2017 ubomoaji wa kupanua Barabara ya Morogoro ulizikumba nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kibamba. Mwenye chumba karibu na mjini hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na mbeba mizigo anayelipwa kwa siku hawezi kuikusanya. Anasogea pembezoni, na nauli inakula kile alichookoa kwenye kodi. Akiugua au akikosa kazi, hana tena ukumbi wa mjomba karibu.

Ipo mifano ya kushika. Wakazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa katika nyumba zao kupisha ujenzi na kuhangaika kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa waliyojengewa palepale. Walirudi mahali pao pa zamani, karibu na kazi na shule, na wakaonyesha kwamba mji unaweza kwenda juu bila kumtupa mkazi wake nje.

Jambo hilo lisiishie kwa kaya hizo. Kodi ilipwe kwa mwezi, kama mishahara inavyolipwa. Viwanja vidogo vipimwe tena kwa ajili ya watu wenye nia ya kujenga na kupangisha, na kila mradi wa barabara au soko uhesabu vyumba unavyobomoa na useme vitajengwa wapi. Mtu anayeingia leo kupitia stendi ya Mbezi ana haki ileile ya waliotangulia, na wazazi au mababu wa wengi wetu tunaojiita wenyeji waliingia mjini vivyo hivyo, mikono mitupu. Fedha zilizotumika kwa miongo mingi kuwasafirisha watu wasiotaka kwenda zingeweza kuwajengea pa kukaa. Hesabu hiyo bado inaweza kusahihishwa.