Hewa, Dawa na Nyonga Bandia: Historia ya Mapambano dhidi ya Maambukizi ya Viungo Bandia, 1957–2016

Historia ya upasuaji wa nyonga bandia husimuliwa mara nyingi kama historia ya vifaa: chuma, plastiki na saruji ya mifupa. Insha hii inashikilia kwamba masimulizi hayo yanaacha nje nusu ya habari. Kiungo bandia hata kikiundwa kwa ustadi wa hali ya juu hakina faida endapo kitazungukwa na usaha, na katika miaka ya mwanzo ya upasuaji huu usaha ndio uliotishia kuuangamiza. Swali linaloongoza uchambuzi ni hili: je, kupungua kwa maambukizi baada ya mwaka 1960 kulitokana na hewa safi au na dawa? Jibu lina uzito, kwa kuwa gharama za njia hizo mbili hazilingani.

Tatizo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1877, jijini London, Joseph Lister aliunganisha kwa waya wa fedha pia ya goti iliyovunjika, na kwa kutumia asidi ya kaboliki akaonyesha kwamba metali yaweza kubaki mwilini bila kidonda kuoza. Mwaka 1890, jijini Berlin, Themistocles Gluck alipandikiza viungo vya pembe za ndovu katika maungio yaliyokuwa yameharibiwa na kifua kikuu. Viungo hivyo vilishindwa, kwani maambukizi yalikuwamo tayari katika maungio hayo. Matukio hayo mawili yanabainisha sharti moja: kitu kigeni huvumiliwa na mwili pale tu ambapo vimelea havikupata nafasi ya kukitangulia wala kukifuata.

Kwa nini kitu kigeni huwapendelea vimelea? Kipimo cha wazi kilitolewa mwaka 1957 na Elek na Conen, waliochunguza ngozi za watu waliojitolea. Ilihitajika idadi ya mamilioni ya bakteria aina ya stafilokoka ili kusababisha usaha katika ngozi tupu. Lakini palipokuwa na uzi wa hariri wa kushonea, bakteria wapatao 100 walitosha. Maana ya matokeo haya kwa upasuaji wa viungo bandia ilikuwa nzito. Idadi ndogo ya vimelea, ambayo katika upasuaji wa kawaida ingemezwa na kinga ya mwili pasipo mgonjwa kujua, ingeweza kuharibu kazi yote.

Hapo ndipo alipokutana na tatizo John Charnley (1911–1982), daktari wa upasuaji wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Lancashire, nchini Uingereza. Katika upasuaji wake wa kwanza wa nyonga, maambukizi yalifikia kati ya asilimia 7 na 9. Kwa mgonjwa, takwimu hiyo ilikuwa na sura yake: maumivu yasiyokoma, kidonda kinachotoa maji, na mara nyingi kiungo kuondolewa, akabaki na mguu mfupi usio na ungio kamili. Charnley alishuku kwamba vimelea vilitoka kwa watu waliomo chumbani, vikisafiri juu ya chembe za ngozi na kutua kidondani. Kwa kushirikiana na kampuni ya Howorth, iliyokuwa na ujuzi wa kusafisha hewa viwandani, alijenga kizimba ndani ya chumba cha upasuaji, ambamo hewa iliyochujwa ilisukumwa bila kukoma. Baadaye aliongeza mavazi yaliyofunika mwili mzima, yenye mirija ya kunyonya pumzi ya mpasuaji. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 aliripoti kwamba maambukizi yalikuwa yameshuka chini ya asilimia 1, bila ya kutumia viuavijasumu vya kinga.

Ushahidi huo, hata hivyo, ulikuwa na udhaifu wa kimbinu. Charnley alilinganisha miaka iliyopita na miaka iliyofuata, ilhali katika kipindi hicho hicho mavazi, ushonaji wa vidonda na uzoefu wa wapasuaji vilibadilika pia. Wakati huohuo, jijini Hamburg, Hans Wilhelm Buchholz alifuata njia nyingine: alichanganya dawa ya jentamisini katika saruji ya mifupa, ili dawa itoke taratibu pale pale penye hatari. Matokeo ya njia hiyo yalichapishwa mwaka 1970.

Mgogoro huo ulipelekwa mbele ya mizani na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Utafiti ulioongozwa na Lidwell, uliochapishwa mwaka 1982, ulihusisha upasuaji zaidi ya 8,000 wa nyonga na magoti katika hospitali 19. Katika vyumba vya kawaida maambukizi ya ndani yalikuwa asilimia 1.5, katika vyumba vya hewa safi mno yalikuwa asilimia 0.6. Lakini jedwali lingine la utafiti huo huo lilionyesha kwamba waliopewa viuavijasumu walipata maambukizi kwa asilimia 0.6, na wasiopewa kwa asilimia 2.3. Ifahamike kwamba aina ya chumba ilipangwa kwa bahati nasibu, ilhali dawa ilitolewa kwa uamuzi wa mpasuaji. Kwa hiyo, upande uliopimwa kwa uangalifu zaidi ni hewa, na upande uliodhihirisha tofauti kubwa zaidi ni dawa. Watetezi wa kila njia walipata humo hoja ya kusimamia.

Kuhusu tiba, jibu lilichelewa kwa sababu adui hakuwa ameeleweka. Tangu mwaka 1978 Costerton na wenzake walieleza jinsi bakteria wanavyojishikiza na kujifunika kwa utando, na mwaka 1982 utando huo ulionekana kwenye waya wa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Ndani ya utando, dawa inayoua bakteria walio huru hushindwa. Ndiyo sababu Buchholz alipendelea kuondoa kiungo chenye maambukizi na kuweka kingine papo hapo: mwaka 1981 aliripoti mafanikio ya asilimia 77 kwa wagonjwa 583. Mwaka 1998 Zimmerli na wenzake walionyesha kwamba kifaa chaweza kuokolewa endapo maambukizi ni mapya na kifaa hakijalegea: baada ya kidonda kusafishwa, wagonjwa wote 12 waliokamilisha tiba ya siprofloksasini pamoja na rifampisini walipona, dhidi ya 7 kati ya 12 waliotumia siprofloksasini pekee.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa masharti na kwa kukiri uhafifu wa ushahidi, kwamba mitambo ya mtiririko wa hewa safi isitumike kama njia ya kupunguza maambukizi katika upasuaji huu. Si sahihi kulisoma pendekezo hilo kama hukumu dhidi ya Charnley. Alifanya kazi bila dawa ya kinga, na katika mazingira hayo hewa ilikuwa ngao yake kuu. Dawa ilipokuwa desturi, faida ya ziada ya hewa ilipungua hadi ikawa vigumu kuipima. Urithi wake wa kudumu ni kanuni iliyo nyuma ya mtambo: kwamba chanzo cha vimelea kitafutwe kwanza miongoni mwa wanaompasua mgonjwa. Kwa hospitali zenye bajeti finyu, zikiwamo za Afrika Mashariki, tofauti baina ya kanuni na mtambo ndiyo inayoamua fedha zielekezwe wapi: kwenye dawa itolewayo kwa wakati, mikono safi na mlango wa chumba cha upasuaji usiofunguliwa ovyo, kabla ya kununua kizimba.