Wanawake Wawili, Makasia Mawili

Katika vyombo vyote vinavyoshindaniwa majini, ni vichache vinavyodai mapatano kama mashua nyembamba ya watu wawili ambao kila mmoja wao hushika kasia moja tu. Mmoja hupiga upande wa kulia na mwenziwe upande wa kushoto. Hamna mtu wa tatu wa kuwaongoza kwa sauti. Usukani ni mdogo, umeungwa na kiatu cha mmoja wao, naye huugeuza kwa unyayo huku mikono na miguu yake imo kazini. Mwenye nguvu akizidisha nguvu zake bila ya kumngoja mwenziwe, mashua hupinda. Mmoja akichelewa kidogo, mashua hulala ubavu. Wahenga walisema kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha ni wawili, na haiwezekani kumpunguza hata mmoja. Hawana budi kuwa na nia moja.

Liko jambo jingine la kufikiri. Wapiga makasia huyapa mgongo mambo yaliyo mbele yao. Huona walikotoka, hawaoni waendako. Msomaji wa historia huketi hivyo hivyo, na kwa hiyo si vibaya tukianza na maji yaliyokwisha pitwa.

Mashindano ya makasia yalikusudiwa kuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896, lakini hali mbaya ya bahari iliyazuia. Wanaume walishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1900, katika mto wa Seine. Wanawake walingoja. Hawakungoja kwa sababu hawakujua kupiga makasia, bali kwa sababu iliaminiwa kuwa kazi hiyo haiafiki mwili wala heshima yao. Mwaka 1927 wanawake wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walipokutana mtoni kwa mara ya kwanza, hawakuruhusiwa kushindana bega kwa bega. Kila kundi lilikwenda peke yake, nao waamuzi walipima mwendo pamoja na uzuri wa mtindo wa kupiga kasia. Mwanamume alihukumiwa kwa kasi yake. Mwanamke alihukumiwa pia kwa namna alivyoonekana.

Maoni hayo yalipungua polepole. Mwaka 1951 yalifanywa mashindano ya majaribio ya wanawake wa Ulaya huko Mâcon, Ufaransa, na mwaka 1954 ubingwa wao wa Ulaya ulianza rasmi mjini Amsterdam. Hata hivyo walipewa mita 1000, nusu ya safari ya wanaume. Mlango wa Olimpiki ulifunguliwa Montreal mwaka 1976, miaka sabini na sita baada ya wanaume kuingia. Katika mashua ya wawili, Siyka Kelbecheva na Stoyanka Gruycheva wa Bulgaria walitwaa dhahabu mbele ya wanawake wa Ujerumani ya Mashariki. Nusu ya safari iliendelea kuwa fungu la wanawake mpaka Michezo ya Seoul ya mwaka 1988, walipokwenda mita 2000 kama wanaume. Mabingwa wa mwaka huo, Rodica Arba na Olga Homeghi wa Romania, walifika salama, na hofu ya karne nzima ikabaki nyuma yao. Toka 1984 hadi 2008 Romania ilishinda mara tano katika mashua hii. Georgeta Damian peke yake alikuwamo katika ushindi wa 2000, wa 2004 na wa 2008, wa kwanza pamoja na Doina Ignat, na miwili iliyofuata pamoja na Viorica Susanu.

Uingereza, nchi iliyojisifu sana kwa mito na mashua zake, ilikuwa haijapata dhahabu hata moja ya makasia kwa mikono ya wanawake. Ilipata fedha, mwaka 2004 Katherine Grainger na Cath Bishop walikuwa wa pili katika mashua hii hii. Basi wakaja wawili ambao hawakutazamiwa. Helen Glover alikuwa mwalimu wa michezo kutoka Cornwall. Mpango wa kuwatafuta vijana warefu ulipotangazwa, alikwenda kupimwa, na mwenyewe amesimulia kwamba alisimama kwa ncha za vidole ili atimize kimo kilichotakiwa. Alianza kujifunza kasia mwaka 2008. Mwenziwe, Heather Stanning, alikuwa ofisa wa jeshi katika kikosi cha mizinga. Mwalimu wao alikuwa Robin Williams. Mwaka 2010 na mwaka 2011 walikuwa wa pili katika ubingwa wa dunia, mara zote mbili nyuma ya Juliette Haigh na Rebecca Scown wa New Zealand. Kushindwa mara mbili na watu wale wale kunaweza kumvunja mtu moyo, au kukamwonyesha palipopungua. Wao walichagua kuonyeshwa.

Siku ya tarehe 1 Agosti 2012, katika ziwa la Eton Dorney, Michezo ya London ilikuwa imeendelea siku kadhaa na wenyeji hawakuwa na dhahabu yoyote. Glover na Stanning hawakungoja kuona wengine watafanya nini. Walitangulia mapema, wakaifanya nafasi iliyo nyuma yao iwe ndefu, na kwa kuwa wapiga makasia hutazama nyuma, waliwaona wapinzani wao wote mbele ya macho yao. Robo ya mwisho Waaustralia walikaza, na pengo likapungua, lakini halikutosha. Washindi walitumia dakika 7 na sekunde 27.13. Kate Hornsey na Sarah Tait wa Australia walifuata kwa sekunde zisizotimia tatu, na Haigh na Scown, waliowashinda mara mbili, wakawa wa tatu.

Ni desturi yetu kumwimba mshindi na kumwacha wa pili kimya. Hapa ingekuwa dhuluma. Sarah Tait alikuwa mama alipopata fedha ile. Alikuwa mwanamke wa kwanza mwenye mtoto kuipigia Australia kasia katika Olimpiki. Mwaka 2013 aliambiwa ana saratani ya mlango wa kizazi, na mwezi wa Machi mwaka 2016 alifariki, umri wake miaka 33. Zamani iliulizwa kama mwili wa mwanamke waweza kustahimili mita elfu mbili. Mwili wake ulistahimili, ukazaa kabla yake, na ukapigana na maradhi baada yake. Sijui jawabu lililo kubwa kuliko hilo.

Stanning alirudi jeshini, akatumwa Afghanistan mwaka 2013, kisha akarejea katika mashua. Mwaka 2016, Rio de Janeiro, wawili hao walishinda tena. Glover alizaa watoto watatu, akarudi tena katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akawa wa nne pamoja na Polly Swann. Na mwaka 2024 huko Paris alipata fedha katika mashua ya wanne. Katika Michezo ile ya Tokyo wanawake na wanaume walikuwa na mashindano saba saba ya makasia, sawa kwa sawa, kwa mara ya kwanza.

Usawa huo haukuletwa na hotuba peke yake. Uliletwa pigo kwa pigo, na wanawake waliopewa nusu ya safari wakaifanya nzima. Kasia moja haliendi popote ila kuzunguka mahali pamoja. Makasia mawili yakikubaliana, chombo hunyoka. Na mataifa yaliyochukua karne kulikubali jambo hilo majini yangefanya vyema yasichukue karne nyingine kulikubali nchi kavu.