Bibi Aliota Mti Uliokwisha Kukatwa

Bibi yangu hakujifunza dawa kitabuni. Kwetu Usukumani mganga huonyeshwa usingizini: masamva, yaani mizimu ya ukoo, humjia na kumtajia mti na mahali ulipo. Asubuhi anaufuata, anakaa kimya mbele yake, ndipo anachimba mzizi. "Mti haukurupushwi, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia.

Mimi nikaona ushamba tu. Halafu chuoni nikakutana na Goethe, yule mshairi wa Ujerumani, ambaye mwaka 1790 alichapisha kitabu juu ya mimea inavyobadili umbo. Naye alitaka mtu autazame mmea kwa subira, jani kwa jani, mpaka auone ukikua akilini mwake. Kwa Mjerumani nikaiita falsafa, kwa bibi nilikuwa nimeita ushirikina. Nikajionea aibu.

Sisemi ndoto itoshe. Dawa lazima ipimwe, ndiyo maana mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili. Lakini hata mpimaji anahitaji wa kumwonyesha mti, na mti wenyewe uwepo.

Hapo ndipo Shinyanga inapouma. Tangu miaka ya 1920, Mwingereza Swynnerton na wenzake walihimiza mapori yafyekwe ili mbung'o wafe. Baadaye yakaja mashamba ya pamba, ng'ombe wengi na mkaa. Siku moja bibi aliota mti ulioko nyuma ya kilima. Tulipofika tukakuta pamba tupu. Alisimama pale muda mrefu, kisha akasema, "Wameniita kwenye nyumba iliyobomolewa."

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Watu wakahimizwa kurudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike. Miti mingi ilichipua yenyewe, maana mizizi na visiki vilikuwa bado hai chini. Mjomba naye alifunga lake. Bibi akawa anakwenda kukaa humo, hata siku ambazo hakuota kitu.

Sasa hayupo. Mdogo wangu anachimba dhahabu Geita, na duara halishuki bila magogo ya kuzuia kuta zisititie. Juzi nilimuuliza kwa simu, hayo magogo ni ya miti gani?

"Kaka, mimi nayajua kwa unene tu."

Nami, niseme kweli, ningemtajia mitatu tu.